Tumbo la Ndama Huanza kwa Mama Yake



Mfugaji anapokwenda kukamua asubuhi, hasahau kumpa ng'ombe wake pumba. Anajua kwamba pumba ya leo ni maziwa ya kesho. Lakini ng'ombe huyo huyo akishakaushwa, akawa anangojea kuzaa, mara nyingi pumba hukoma. Watu husema, "Huyu hatoi kitu sasa, mpeni migomba tu."

Miezi miwili inapita, ndama anazaliwa. Ni mdogo, anachelewa kusimama, na kabla wiki haijaisha ameanza kuharisha. Mwenye nyumba analaumu baridi, analaumu mvua, pengine anamlaumu jirani. Kumbe huenda chanzo kilianza zamani, ndani ya hori la mama yake.

Ukurasa huu wa afya umezoea kusema juu ya afya za watu. Leo tunasema juu ya ng'ombe, na sababu yake iko wazi. Katika kata ya Ikuti na vijiji vingine vya Wilaya ya Rungwe, ng'ombe mmoja au wawili wa bandani ndio maziwa ya watoto, ndio mbolea ya migomba, na ndio fedha ya shule. Ndama jike akifa, nyumba imepoteza mtamba wake. Ndama dume akidumaa, nyumba imepoteza nyama na bei nzuri sokoni. Kwa hiyo afya ya ndama ni sehemu ya afya ya nyumba.

VIJIDUDU VYENYE FAIDA

Tukisikia neno vijidudu, tunafikiri ugonjwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafundisha wananchi kuchimba vyoo na kutumia maji safi kwa sababu ya vijidudu vya maradhi. Mafundisho hayo ni ya kweli hata leo. Lakini si vijidudu vyote ni adui. Viko vingine ambavyo bila hivyo ng'ombe hawezi kuishi.

Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Chumba cha kwanza ndicho kikubwa kupita vyote, na tutakiita tumbo kubwa. Majani yanapoliwa huingia humo kwanza, kisha ng'ombe huyarudisha mdomoni akacheua. Watu wengi hufikiri kwamba ng'ombe huyeyusha majani kwa nguvu zake mwenyewe. Sivyo. Nyuzi ngumu za majani huvunjwa na vijidudu wanaoishi katika tumbo kubwa. Wako bakteria, wako protozoa, na iko kuvu. Ni wadogo mno, hawaonekani kwa macho. Katika kijiko kimoja cha chai cha maji ya tumbo kubwa mna mabilioni ya bakteria.

Vijidudu hawa hufanya kazi mbili. Kwanza, huyageuza majani yakawa asidi nyepesi ambazo ng'ombe huzitumia kama nguvu ya mwili. Sehemu kubwa ya nguvu ya ng'ombe, kiasi cha 70 kwa 100, hutoka huko. Pili, vijidudu wenyewe wanapokufa husukumwa kwenda vyumba vya mbele, nao humeng'enywa wakawa protini ya ng'ombe. Kwa hiyo mfugaji anapokata majani, hamlishi ng'ombe peke yake. Anawalisha kwanza vijidudu, na vijidudu ndio wanaomlisha ng'ombe.

NDAMA HUZALIWAJE?

Ndama mchanga bado hana kiwanda hicho. Tumbo lake kubwa ni dogo na laini. Anaponyonya, maziwa hupita katika mfereji maalumu hadi chumba cha nne, bila kuingia tumbo kubwa. Kwa wiki za kwanza ndama anaishi kama mtoto mchanga wa mtu, yaani kwa maziwa.

Lakini vijidudu hawachelewi kuingia. Mwaka 2013 watafiti wa nchi ya Israel walitangaza kwamba waliwapima ndama wenye umri wa siku moja tu, wakawakuta tayari wana bakteria wa aina ile inayovunja nyuzi za majani. Ndama hao walikuwa bado hawajala hata jani moja.

Vijidudu hao walitoka wapi? Wengi hutoka kwa mama. Ndama huwapata katika njia ya uzazi anapotoka. Huwapata mama anapomlamba. Huwapata katika ngozi ya kiwele anapotafuta chuchu, na katika maziwa yenyewe. Wengine hutoka katika majani anayoyatafunatafuna, na katika samadi na hewa ya banda. Protozoa hawana njia nyingine isipokuwa mate ya ng'ombe mwingine. Ndama akitengwa kabisa na ng'ombe wakubwa, hukua bila protozoa tumboni.

Wako wataalamu wanaosema kwamba hata ndani ya mimba ndama huwa na vijidudu wachache. Wengine wanakataa, wanasema wanaoonekana ni uchafu ulioingia wakati wa kupima. Ubishi huo bado unaendelea. Mfugaji hana haja ya kuungojea uishe. Kwa pande zote mbili, mama ndiye mlango mkuu.

CHAKULA CHA MAMA KINAMFIKIAJE NDAMA?

Ziko njia nne.

1. Mwili wa ndama mwenyewe. Miezi mitatu ya mwanzo ya mimba ndipo viungo vinapoumbwa, pamoja na matumbo. Miezi mitatu ya mwisho ndipo ndama anapoongezeka uzito, na karibu theluthi mbili ya uzito wa kuzaliwa huja wakati huo. Mama akikosa chakula, ndama huzaliwa mnyonge. Ndama mnyonge huchelewa kusimama, akichelewa kusimama huchelewa kunyonya, na akichelewa kunyonya, vijidudu wabaya wa sakafuni huwahi tumboni kabla ya maziwa.

2. Dang'a. Haya ni maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano. Binti Adamu hupata sehemu ya kinga ya mama yake angali tumboni, kwa njia ya kondo. Ndama hapati. Kondo la ng'ombe halipitishi kinga hiyo. Ndama huzaliwa mikono mitupu, na kinga yake yote imo katika dang'a. Tena dang'a ina sukari za namna ya pekee ambazo ni chakula cha bakteria wema. Wachunguzi wa Kanada walionyesha mwaka 2015 kwamba ndama waliopewa dang'a mara baada ya kuzaliwa walipata bakteria katika utumbo mwembamba upesi zaidi kuliko wale wasiopewa. Ng'ombe aliyekonda aweza kutoa dang'a kidogo isiyomtosha mtoto wake.

3. Vijidudu vya mama mwenyewe. Chakula kikibadilika, vijidudu wa tumboni nao hubadilika. Wale wanaopenda nyuzi za majani huongezeka majani yakiwa mengi. Wale wanaopenda nafaka huongezeka pumba zikizidi. Mama humrithisha mtoto kile alicho nacho.

4. Madini na vitamini. Hivi hupita katika damu hadi kwa ndama, navyo hujenga kinga ya utumbo. Chuo Kikuu cha North Dakota State, huko Marekani, kimekuwa kikiwapa ng'ombe wa nyama wenye mimba madini na vitamini, kisha kuchunguza vijidudu wa ndama wao. Kazi hiyo ni changa, na haijatupa kipimo cha kumwambia mfugaji, "Mpe hiki upate bakteria hawa." Lakini imefungua mlango wa kuelewa kwamba mtoto hulishwa kupitia mama yake tangu mwanzo wa mimba.

HALI YA RUNGWE: TUMBO LIMEJAA, NJAA IKO PALE PALE

Mtu aweza kusema, "Haya ni mambo ya nchi kavu. Sisi Rungwe tuna mvua nyingi, majani hayakosekani." Ni kweli kwamba Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi sana nchini. Lakini tutofautishe kujaza tumbo na kulisha.

Tuchukue shina la mgomba. Katika kilo 10 za shina, zaidi ya kilo 9 ni maji. Na kile kidogo kilichobaki kina protini haba mno. Ng'ombe aliyelishwa migomba peke yake huonekana ameshiba, ubavu umejaa, lakini vijidudu wake wana njaa. Vijidudu wanahitaji protini ili wazaliane. Chakula kikavu kikiwa na protini chini ya 7 kwa 100, vijidudu hupungua nguvu, majani hukaa tumboni bila kuvunjwa, na ng'ombe hupunguza kula. Hapo hata mabua aliyonayo hayamfai.

Sasa tutazame kalenda. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 283 hivi, yaani miezi tisa na siku kadhaa. Tuseme ng'ombe amepandwa tarehe 15 Januari. Atazaa karibu na tarehe 25 Oktoba. Miezi yake mitatu ya mwisho ni kuanzia mwisho wa Julai mpaka mwisho wa Oktoba. Ndio wakati wa kiangazi, majani mazuri yamepungua, na watu wanategemea migomba na mabua ya mahindi. Ndama anahitaji sana chakula wakati hori lina chakula hafifu. Na ndio wakati ule ule mama amekaushwa na pumba zimekatwa. Mambo haya matatu yakikutana, ndama hupata hasara kabla hajaliona jua.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuandike tarehe. Siku ng'ombe alipopandwa iandikwe ukutani au katika daftari. Hesabu siku 283 upate siku ya kuzaa. Rudi nyuma siku 60 upate siku ya kumkausha. Katika mfano wetu, ng'ombe akaushwe karibu na tarehe 25 Agosti. Siku hizo 60 kiwele hupumzika na kutengeneza dang'a. Si siku za kumsahau.

Pili, majani yawe ndiyo msingi. Ng'ombe chotara mkubwa anahitaji kiasi cha kilo 50 hadi 70 za majani mabichi kwa siku, kama vile mabingobingo. Yakatwe kabla hayajakomaa sana yakawa miti. Mabua yakatwekatwe vipande vifupi. Shina la mgomba lisikatazwe, kwani husaidia kiangazi, lakini liwe nyongeza wala lisiwe chakula chenyewe. Likatwe, liachwe linyauke, kisha lichanganywe na majani mengine.

Tatu, tutafute protini. Panda kaliandra na desmodi kingoni mwa shamba na juu ya matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kaliandra hustawi katika milima yetu. Utafiti uliofanywa Embu, nchini Kenya, katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zina protini inayofaa sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Embu iko katika miteremko ya Mlima Kenya, na wafugaji wake wana mashamba madogo kama ya kwetu. Mwenye fedha kidogo aweza kuchanganya ndoo 3 za pumba za mahindi na ndoo 1 ya mashudu ya alizeti. Miezi miwili ya mwisho, ng'ombe apewe mchanganyiko huo kama kilo 2 kwa siku.

Nne, tusibadilishe chakula ghafla. Anza na nusu kilo, ongeza polepole kwa muda wa wiki mbili. Pumba nyingi za ghafla huleta asidi tumboni, vijidudu wanaovunja majani hufa, na ng'ombe huacha kula. Vile vile ng'ombe asinenepeshwe kupita kiasi, kwa sababu ng'ombe mnene huzaa kwa taabu. Mtazame mbavu. Zikihesabika zote kwa mbali, amekonda. Zisipohisika hata ukimbonyeza, amezidi.

Tano, apate madini. Jiwe la chumvi lenye madini lining'inizwe bandani siku zote. Nyanda za juu za kusini zimejulikana tangu zamani kwa upungufu wa madini joto katika udongo. Wazee wanakumbuka rovu shingoni mwa watu. Udongo ule ule huotesha majani ya ng'ombe, na ndama wa ng'ombe aliyekosa madini hayo aweza kuzaliwa mnyonge au amekufa.

Sita, maji. Ng'ombe anahitaji lita 40 hadi 60 kwa siku. Maji yaliyomo katika mgomba hayatoshi.

SIKU YA KUZAA

Kazi ya miezi tisa yaweza kupotea kwa saa sita. Zingatieni haya:

- Banda la kuzalia liwe safi na lenye majani makavu. Ndama akiangukia kwenye samadi mbichi, vijidudu wa kwanza kuingia ni wa samadi.

- Mwache mama amlambe mtoto wake. Kulamba humkausha, humwamsha, na humpa vijidudu vya mama.

- Osha kiwele kwa maji safi ya vuguvugu. Ndama anyonye dang'a ndani ya saa mbili. Akishindwa kusimama, kamua umpe kwa chupa. Ndama wa kilo 30 apate angalau lita 2 mara ya kwanza, na lita nyingine 1 au zaidi kabla saa 12 hazijapita. Baada ya saa 24 utumbo wake hufunga mlango, na kinga ya dang'a haiingii tena katika damu.

- Kitovu kipakwe aidini.

- Kuanzia wiki ya pili, mwekee ndama majani laini makavu na maji safi. Asidanganywe kwa maziwa peke yake. Vijidudu alioachiwa na mama wanahitaji majani ili wajenge tumbo kubwa.

TAHADHARI JUU YA DAWA NA JUU YA WATU

Wako wafugaji ambao ndama akiharisha tu, hukimbilia dukani kununua dawa ya kuua bakteria. Dawa hizo haziwachagui. Huua wabaya, huua na wema, na tumbo hubaki tupu kama shamba lililochomwa moto. Kisha magugu ndiyo huota kwanza. Dawa itolewe kwa maelekezo ya Bwana Mifugo au Bibi Mifugo. Ndama anayeharisha asinyimwe maziwa, na apewe pia maji safi yenye chumvi na sukari kidogo huku mtaalamu akiitwa. Maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano yasinywewe na watu mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe, wala tusiyamwage kwa ndama kama vile yeye si kitu.

Tukumbuke pia kwamba si kila ndama anayekufa amekufa kwa ajili ya chakula cha mama. Iko ndigana inayoletwa na kupe, iko nimonia, iko minyoo. Na ng'ombe akitupa mimba, tusikimbilie kusema ni lishe. Yawezekana ni ugonjwa wa kutupa mimba ambao humwingia na mtu. Usishike kondo wala ndama mfu kwa mikono mitupu. Vifukiwe mbali na mbwa, na Bwana Mifugo aarifiwe. Maziwa yote ya nyumbani yachemshwe.

MWISHO

Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakumbusha wananchi kwamba lishe bora ni msingi wa afya. Tunajua kwamba mama mjamzito asiachiwe makombo. Kwa ng'ombe ni hivyo hivyo. Siku ambazo hatoi maziwa ndizo siku anazofanya kazi kubwa kuliko zote: anajenga mwili wa ndama, anatengeneza dang'a, na anawatunza vijidudu watakaokuwa walishaji wa mtoto wake kwa maisha yake yote. Kilo mbili za pumba na mzigo wa kaliandra wakati huo ni nafuu kuliko chupa ya dawa baadaye. Mwenye kumnyima ng'ombe aliyekaushwa amemnyima ndama.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, ng'ombe wenye mimba kijijini kwetu hula nini katika miezi ya Agosti na Septemba?

2. Ni wangapi kati yetu wameandika siku ng'ombe wao walipopandwa?

3. Kwa nini ndama anahitaji dang'a upesi kuliko mtoto wa mtu?

4. Ni mahali gani katika mashamba yetu panaweza kupandwa kaliandra au desmodi bila kupunguza migomba na mahindi?

5. Ndama waliokufa mwaka jana, mama zao walikuwa wakila nini miezi mitatu kabla ya kuzaa?